Kadi Yako Mkononi mwa Mpinzani Wako





Jumatano ijayo tutainamisha vichwa vyetu tupakwe majivu, na Kwaresima itaanza. Kwetu sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya majira haya yana mavumbi yake mengine. Mito hupungua, kabichi hunyauka, na maneno kati ya majirani huongezeka. Anayelima juu, karibu na ukingo wa msitu, ana mfereji au mpira wa maji unaomwagilia viazi vyake usiku na mchana. Anayelima chini huamka asubuhi akakuta mawe makavu mahali palipopita maji jana. Ugomvi huo hufika mpaka ndani ya kanisa. Wapo waamini ambao, inapofika saa ya kutakiana amani, hugusana kwa ncha za vidole tu huku kila mmoja akitazama upande wake.

Juma hili ninapenda tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo baadhi yenu mlilishuhudia kwa macho, na wengine mmelisikia kwa maneno ya pembeni: yale mashindano ya kirafiki ya kuvua trauti yaliyofanyika Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita, kati ya vigango viwili vya parokia yetu, kimoja cha juu ya mto na kimoja cha chini. Jina la mto sitalitaja, wala majina ya wahusika, maana ukurasa huu husomwa pia na watu wa mbali, na wenye ugomvi ni watoto wangu wote.

Wazo halikuwa langu. Lilitolewa katika Baraza la Parokia na mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi ya kuzalisha vifaranga vya trauti. Alisema, "Padre, watu hawa wamekwisha kuitwa mikutano mingi, na kila mkutano huanza na ajenda na kuishia kwenye matusi. Tuwaite mara moja mtoni bila ajenda." Baraza lilikubali, leseni za uvuvi zikalipiwa, na siku ikapangwa.

Inafaa kwanza nimweleze samaki mwenyewe, kwa ajili ya wasiomjua. Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye trauti walienezwa katika mito mingine ya Aberdare na ya Mlima Kenya, kama vile Chania, Mathioya, Thego na Sagana. Kwa miaka mingi mchezo wa kuwavua ulikuwa wa walowezi, na wazee wetu wengi waliujua kwa kubeba mizigo ya wengine. Leo vijana wetu wanaujua vizuri, na baadhi yao hupata riziki kwa kuwaongoza wageni.

Samaki huyu ana tabia mbili ambazo ningependa mzikumbuke. Ya kwanza, hupenda maji baridi, safi, yenye hewa nyingi. Joto la maji likipita digrii 20 hivi huanza kuhangaika, na likizidi sana hufa. Kwa hiyo mto unaochotwa kupita kiasi, ukabaki kidimbwi kinachopigwa na jua, humwua trauti kabla haujakauka. Ya pili, hukaa kichwa chake kikielekea juu ya mto, kwa sababu mkondo ndio unaomletea hewa na chakula. Mwenyeji wa chini anaishi hivyo hivyo: macho yake yako juu daima, akingoja atakacholetewa.

Trauti huvuliwa kwa namna ya pekee. Hatumii mvuvi mnyoo wala donge la ugali. Hutumia ndoana ndogo sana iliyofungwa kwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu wa majini. Wavuvi wenyewe huita chambo hicho nzi. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito wa kumwezesha kurushwa, uzito huwekwa katika mshipi: mvuvi huupeleka nyuma ya bega, hungoja unyooke, kisha huupeleka mbele ili nzi atue juu ya maji taratibu, kama aliyeanguka kutoka kwenye jani. Asiyejua kungoja hunasa kichaka kilichoko nyuma yake.

Nzi tuliotumia walifungwa na mama mmoja wa kigango cha chini. Kazi yake ni kufunga nzi kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, kwa maana nchi yetu imejulikana kwa muda mrefu na wavuvi wa Ulaya na Marekani kwa kazi hiyo ya mikono, na wengi wanaoifanya ni akina mama. Amefunga maelfu kwa maelfu, kila mmoja akilipwa senti kidogo, na hakuwa amewahi kumwona samaki hata mmoja akimshika nzi wake. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, nasi siku hiyo tulimwona aliyeviunda. Alileta mkebe mmoja, akauweka juu ya jiwe, na timu zote mbili zikachukua kutoka humo: wale weusi wanaoitwa Kenya Bug, na wale wa kahawia. Mtu alipomwuliza kwa nini asiwafiche walio bora kwa ajili ya timu yake, alijibu kwamba yeye hajui kufunga wa aina mbili.

Sasa niwaeleze taratibu, maana ndani yake ndimo lilimo fundisho. Kila timu ilikuwa na watu sita. Timu ya chini ilipungukiwa na mtu mmoja, nami nikaombwa kuijaza. Mto uligawanywa vipande sita, kila kipande hatua mia mbili hivi, na mipaka ikawekwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Katika kila kipande waliwekwa watu wawili, mmoja wa kila timu, kwa kura. Dakika 45 mmoja alivua na mwenzake alishika kadi na ubao wa kupimia, kisha wakabadilishana, na hivyo mara mbili kwa kila mmoja. Samaki aliyefikia sentimita 20 alihesabiwa: alama 10 kwa kuwa samaki, na alama moja kwa kila sentimita. Asiyefikia hakuwa na alama. Mwishoni alama za watu sita zilijumlishwa, hivyo mvuvi hodari hakuweza kushinda peke yake, wala aliyerudi mikono mitupu hakuona haya peke yake.

Ndoana zote zilikuwa zimebanwa kwa koleo kile kijino kinachomzuia samaki kuchomoka. Aliyeshika samaki alilowesha mikono kwanza, na ubao nao ukaloweshwa, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaolinda ngozi yake. Akapimwa, akarudishwa majini akiwa hai.

Baadhi yenu mmeniuliza maswali mawili, nayo ni ya haki. La kwanza: je, yafaa padre kushika ufito wa kuvulia? Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni yake ya 138, uliwaonya makleri wasijitie katika uwindaji, hasa ule wa makelele. Uvuvi haukutajwa humo, labda kwa heshima ya Mtakatifu Petro. La pili ni zito zaidi: kwa nini kumshika samaki na kumwachia wakati wako watu wenye njaa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu kunapingana na hadhi ya mwanadamu. Ndiyo maana tulibana vijino na kulowesha mikono. Lakini pia mto wetu kwa sasa una samaki wachache. Kuwala wote kwa mchana mmoja kungekuwa kulisha watu kumi na wawili na kuwanyima wengi. Chakula cha siku hiyo kilikuwa githeri na mukimo uliopikwa na Wanawake Wakatoliki wa vigango vyote viwili, na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa.

Nirudi kwenye kura. Katika kipande cha nne, kura iliwaweka pamoja wanaume wawili ambao kila mtu alitamani wasikutane. Mmoja ni wa juu, mwenye mfereji. Mwingine ni wa chini, ambaye msimu uliopita alipoteza miche yake yote ya kabichi, akampeleka mwenzake kwa chifu. Kwa muda mrefu hawakuwa wamesalimiana. Nilipoona karatasi hizo mbili zimefunguliwa pamoja, nilimtazama yule mzee mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, nikidhani ataomba kura irudiwe. Hakuomba. Alisema tu, "Kipande cha nne, twendeni."

Mimi nilikuwa kipande cha tano, juu yao kidogo, ng'ambo ya kona, na kwa kuwa mto ulikuwa umepungua sauti zao zilinifikia. Kwa mzunguko wa kwanza hawakusema lolote ila namba. Mzunguko wa pili, namba tena. Katika mzunguko wa tatu mwenye mfereji alinasa samaki, akamvuta, akamtia katika wavu mdogo wa mkono, akamtazama, akasema, "Huyu ni mdogo, hafiki," akainama kumwachia.

Wapendwa, fikirini juu ya saa hiyo. Mshika kadi alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Mwenye samaki mwenyewe amesema hafiki. Hakuna ambaye angemlaumu, wala hakuna uongo ambao angekuwa ameutamka. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini nilisikia sauti ya mtu wa chini ikisema, "Ngoja, mzee. Kadi iko mkononi mwangu. Tumpime." Wakamlaza kwenye ubao uliolowa. Alikuwa sentimita 21.

Saa sita kasoro alama zilijumlishwa chini ya mti. Timu ya juu ilipata samaki 12 na alama 402. Timu yetu ya chini ilipata samaki 11, wakubwa zaidi kwa wastani, na alama 385. Tofauti ilikuwa alama 17. Yule samaki mmoja wa sentimita 21 alikuwa na thamani ya alama 31. Vijana wetu ni wepesi wa hesabu. Hawakuchukua hata dakika moja kutambua kwamba mtu wetu wenyewe ndiye aliyetunyang'anya ushindi kwa ubao wake wa kupimia. Manung'uniko yakaanza. Mmoja akamwambia waziwazi, "Mzee, si angemwachia tu?" Naye akajibu kwa sauti ya chini, "Nimemshitaki mtu kwa chifu kwamba hapimi sawa. Ningempimiaje?"

Neno hilo limekaa nami majuma haya mawili, na ndilo lililonifanya niandike.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 7, anatuonya kwamba kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa. Mara nyingi tunalisoma neno hilo kama tishio la siku ya mwisho. Lakini sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 19, ilikuwa imekwisha kulishusha mpaka sokoni na shambani: Mungu anajali urefu wa kijiti chako cha kupimia, uzito wa jiwe la mizani yako, ujazo wa kibaba chako. Anajali kwa sababu kipimo ndipo mahali ambapo jirani yangu yuko mkononi mwangu na hana namna ya kujitetea. Hawezi kuona ninachoandika kwenye kadi. Lazima aniamini.

Na hapa ndipo utaratibu wa mashindano haya unapotufundisha kitu ambacho mikutano yetu haikuweza kutufundisha. Katika mikutano kila upande huja na mpimaji wake. Wa juu wana namba zao, wa chini wana namba zao, na hakuna anayesadiki namba za mwenzake. Mtoni ilikuwa kinyume: kadi yangu iko mkononi mwa mpinzani wangu, na kadi yake iko mkononi mwangu. Anayetaka nishindwe ndiye anayeshuhudia kwamba nimeshinda. Ushahidi wa rafiki haungekuwa na uzito wowote chini ya ule mti. Ushahidi wa mpinzani ulimaliza mabishano yote.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia habari za Isaka katika nchi ya Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakagombana nao kwa ajili ya maji, naye akakiita Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba kingine, wakagombania hicho nacho, akakiita Sitna, yaani uadui. Akasogea mbele, akachimba cha tatu kisichogombewa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Mimi nimehubiri sura hiyo mara kadhaa, na kila mara waamini huniambia, "Padre, Isaka alikuwa na mahali pa kusogea." Ni kweli. Shamba la ekari moja halihamishiki. Sisi tumewekwa kwenye mto mmoja, na Rehobothi yetu haiko mbele. Lazima tuichimbe papa hapa Eseki. Lakini someni sura hiyo mpaka mwisho: Isaka anamwandalia Abimeleki karamu, wanakula na kunywa, na asubuhi wanaapiana. Chakula kilitangulia kiapo. Siku ile ya githeri niliwaona watu wa juu na wa chini wakiketi kwenye nyasi zile zile, nikakumbuka.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa sababu uhai unategemea hayo. Sheria ya nchi nayo, tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002 na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, inavitambua vyama vya watumiaji wa maji, ili watu wa mto mmoja wakae pamoja na kutatua migogoro yao. Kwa hiyo hatukosi mafundisho wala hatukosi sheria. Tulichokosa ni mtu wa kushika kijiti cha kupimia ambaye pande zote mbili zitamsadiki.

Alhamisi iliyopita kamati ya chama cha watumiaji wa maji ya mto wetu ilikwenda kupima ule mfereji wa juu. Kupima mfereji si kazi ngumu: huwekwa ubao wenye pengo la upana unaojulikana, maji yapite humo, na kimo cha maji husomwa kwa kijiti chenye alama za sentimita. Mara mbili zilizotangulia kazi hiyo ilivunjika kwa sababu ya ubishi juu ya nani atasoma kijiti. Safari hii, nimeambiwa na watu watatu waliokuwapo, mwenye mfereji aliulizwa anamtaka nani. Akanyoosha kidole kwa yule aliyemshitaki, akasema, "Huyo alinipimia samaki. Na anipimie maji."

Wapendwa, nisiwapambie jambo hili. Kesi bado haijaondolewa kwa chifu. Kijiti kilisoma kwamba mfereji unachukua zaidi ya unavyoruhusiwa, na mwenye mfereji hakufurahi. Miche iliyokufa haikufufuka. Lakini namba iliyosomwa haikubishiwa na mtu yeyote, na jioni ile ile ubao uliteremshwa kidogo, na maji yakaanza kushuka. Ni machache. Mama mmoja wa chini aliniambia kwamba ameteka ndoo nne mahali alipokuwa akiteka mbili.

Basi, tunapoingia Kwaresima, ninawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja ajiulize ni kadi ya nani iliyo mkononi mwake: mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto wa jirani asiyemsalimia, mweka hazina wa jumuiya, karani wa kupima majani ya chai, mzazi anayesikiliza mashitaka ya watoto wawili huku akimpenda mmoja zaidi. Pili, tukumbuke kwamba kunyamaza nako ni kupima. Yule samaki angeweza kurudi majini bila neno, na dhambi hiyo isingeonekana na yeyote isipokuwa Mungu. Tatu, jumuiya ndogo ndogo za juu na za chini zifanye Njia ya Msalaba pamoja kila Ijumaa, safari moja juu, safari moja chini, tuanzie Ijumaa hii baada ya Majivu, saa kumi jioni. Mwenyekiti wa kila jumuiya atatoa ratiba.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwafananisha Wakristo na wanamichezo wanaojinyima mengi kwa ajili ya taji linaloharibika, na kuwataka wao walitafute lisiloharibika. Timu yetu ilishindwa kwa alama 17, na kikombe cha bati kiko kwenye kigango cha juu, juu ya kabati ya sakristia. Mimi nilivua samaki wawili, wa sentimita 24 na 27, na mshika kadi wangu, kijana wa juu, hakunipunguzia hata sentimita moja. Vijana wetu wanataka marudiano baada ya mvua za masika, mito ikisafika. Nimewakubalia, kwa sharti kwamba mshika kadi abaki kuwa wa upande mwingine.

Ee Mungu uliyetenga maji ya juu na maji ya chini, utupe mikono ya haki inaposhika kipimo cha wengine, na mioyo ya kuamini kipimo kikiwa mikononi mwao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Kwaresima yenye neema.

Padre wenu